Vijidudu vya Tumboni na Afya ya Moyo

Tukisikia kuwa mtu anaugua moyo, upesi tunafikiria mafuta, chumvi, sigara na mawazo mengi. Hatukosei. Lakini mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya mahali ambapo wengi wetu hatupafikirii, nako ni kwenye utumbo mpana. Humo wanaishi bakteria wasiohesabika, na wengi wao si maadui zetu. Sisi tunakula, nao wanakula yale tuliyoyabakiza. Wanachokitoa baada ya kula huingia katika damu yetu, na damu hiyo ndiyo inayopita moyoni.

Mwaka 2011 watafiti wa hospitali ya Cleveland Clinic huko Marekani, wakiongozwa na Dakta Stanley Hazen, walieleza jambo ambalo wengi hawakulitazamia. Katika kiini cha yai, maini na nyama kuna kirutubisho kiitwacho kolini. Mwili unakihitaji. Ila kiasi kisichofyonzwa na utumbo mwembamba huteremka hadi kwa bakteria, na baadhi yao hukigeuza kuwa gesi yenye harufu ya samaki aliyechacha, iitwayo trimetilamini. Gesi hiyo huchukuliwa na damu hadi kwenye ini, nalo ini huigeuza tena kuwa kitu ambacho wataalamu hukiita kwa kifupi TMAO. Mwaka 2013 ilionekana kuwa kanitini, ambayo imo hasa katika nyama nyekundu kama ya ng'ombe na kondoo, hupita njia hiyo hiyo.

TMAO ina ubaya gani? Kwa panya wa maabara, iliongeza utando wa mafuta katika kuta za mishipa. Pia huzifanya chembe zinazogandisha damu ziwe nyepesi mno kushikamana. Mshipa umekuwa mwembamba, na damu ni ya kuganda upesi: hapo shambulio la moyo au kiharusi haviko mbali. Watafiti hao waliwafuatilia wagonjwa 4,007 kwa miaka 3. Wale waliokuwa na TMAO nyingi zaidi walipatwa na shambulio la moyo, kiharusi au kifo kiasi cha mara mbili na nusu kuliko wale waliokuwa na kidogo zaidi.

Tusiishie hapo, maana wenzetu wanasayansi bado wanabishana. Samaki wa baharini wana TMAO tayari mwilini mwao, na hata hivyo walaji wa samaki hawaonekani kuugua moyo zaidi ya wengine. Tena figo zikichoka, TMAO hubaki katika damu badala ya kutoka na mkojo. Basi huenda wakati mwingine ni dalili tu ya ugonjwa, si chanzo chake.

Msomaji mmoja anaweza kusema: kama wakosaji ni bakteria, si tumeze antibayotiki tu? Hapana! Jambo hilo lilijaribiwa. Watu walipewa mayai mawili ya kuchemsha, kisha dawa hizo kwa wiki moja. TMAO ilikaribia kutoweka, lakini dawa ziliposimamishwa ilirudi. Zaidi ya hayo, dawa hizo huua na bakteria wema, na kuwafundisha wabaya kutozijali. Tunalisema hili kwa uchungu, kwa sababu tunawaona watu wanaonunua vidonge viwili vitatu dukani kila tumbo linapounguruma.

Dawa iliyo bora zaidi iko jikoni. Bakteria wema hula nyuzinyuzi za vyakula, ambazo sisi wenyewe hatuwezi kuzisaga. Kutokana nazo hutengeneza asidi kama butirati na propionati, ambazo huimarisha ukuta wa utumbo na husaidia kutuliza shinikizo la damu. Nyuzinyuzi hizo zimo katika dona, mtama, ulezi, maharage, kunde, matembele na matunda. Tunashangaa dona kuitwa chakula cha shida, na sembe nyeupe isiyo na kitu kuwekewa wageni!

Kuhusu nyama, hatusemi iachwe kabisa. Katika utafiti mmoja wa watu 113 uliotangazwa mwaka 2018, waliokula nyama nyekundu kila siku kwa mwezi walikuwa na TMAO karibu mara tatu kuliko walipokula kuku au maharage. Walipoiacha, ilishuka katika muda wa wiki 4 hivi. Kwa hiyo mwili husamehe mapema.

Mwenye vidonge vya presha asiviache kwa sababu ya kunde; aendelee navyo na kupima kama alivyoagizwa na daktari. Na aliyezoea sembe kwa miaka mingi aanze dona na maharage kidogo kidogo, huku akinywa maji ya kutosha. Akianza kwa pupa, tumbo litajaa gesi, naye atatulaumu sisi.