Magamba madogo katika udongo wa Kilwa

Hapa Maganzo tunajua kuosha changarawe. Mchimbaji anachimba, anachekecha majini, halafu anatazama kwa makini kama almasi imebaki. Matope yanamwagwa tu. Basi wako watu ambao mali yao imo ndani ya matope yenyewe.

Miaka ya 2000 wataalamu wa Tanzania na wa nchi za nje walitoboa ardhi kwa mashine huko Kilwa na Lindi. Walitoa udongo wa mfinyanzi, wakauosha juu ya chekeche lenye matundu madogo sana. Yakabaki magamba, kila moja kama chembe ya mchanga. Ukiyatazama kwa hadubini, ile darubini ya kukuzia vitu vidogo, yanang'aa kama kioo. Mengine yana miiba!

Ni magamba ya nani? Baharini wamo viumbe wadogo wanaoelea na kuchukuliwa na maji. Wanaitwa planktoni. Baadhi yao hujijengea gamba la chokaa. Wakifa, gamba linazama na matope yanalifunika. Zamani Kilwa ilikuwa chini ya bahari. Udongo wake haupitishi maji kirahisi, kwa hiyo magamba hayakuoza. Mahali pengi duniani yameharibika.

Ni zamani gani hiyo? Volkano iliyotuletea almasi za Mwadui ililipuka kama miaka milioni 50 iliyopita. Huku kwetu palikuwa nchi kavu, na shimo la volkano likawa ziwa. Kilwa ilikuwa bahari.

Kiumbe mmoja mwenye miiba anaitwa Hantkenina. Gamba lake limeonekana Tanzania, Italia na hata Mexico. Sasa, kiumbe asiye na miguu alifikaje kote huko? Alichukuliwa na maji. Siku hizo bahari ilipita kaskazini ya Afrika na Uarabuni, ikaunganisha Bahari ya Hindi na Atlantiki. Hata mawe ya mapiramidi ya Misri yamejaa magamba ya bahari. Baadaye Uarabuni ikasogea ikagusana na Asia, njia ikafungwa. Mfereji wa Suez, ambao meli hupita huko, ulifunguliwa mwaka 1869.

Gamba linatunza pia habari ya joto. Ndani yake imo oksijeni nyepesi na nzito. Maji yakiwa na joto, ile nzito huingia kidogo zaidi. Wataalamu walipopima, waliona kwamba maji ya juu ya bahari ya Kilwa yalipita nyuzi 30. Halafu, miaka kama milioni 34 iliyopita, barafu ilitanda Antaktika, bahari ikashuka, Hantkenina wakafa wote. Mwaka 2009 wataalamu walieleza, kwa kupima magamba hayo hayo ya Tanzania, kwamba hewa ya ukaa ilikuwa imepungua kabla barafu haijaenea. Leo hewa hiyo inaongezeka, kwa sababu watu wanachoma mafuta na makaa ya mawe na kufyeka misitu.

Maswali
1. Kwa nini magamba ya Kilwa hayakuharibika?
2. Hewa ya ukaa ilipopungua, barafu ilienea. Je, ikiongezeka, mnadhani barafu itakuwaje? Jadilianeni.