Breki za Diski Wakati wa Mvua

Swali: Breki za diski za baiskeli ya milimani zitaboreshwaje ili zishike vizuri wakati wa mvua?

Jibu: Maji hufanya utandu mwembamba kati ya diski na pedi, yaani vipande vinavyoibana, na msuguano hupungua mpaka utandu huo ufutwe, ndiyo maana mwendeshaji hupaswa kugusa breki kidogo kabla ya kuufikia mteremko. Pedi za rizini huliwa upesi na tope, ilhali zile za unga wa metali ulioshikamanishwa kwa joto hudumu zaidi, ingawa si kila diski huzikubali. Adui mbaya kuliko mvua yenyewe ni mafuta ya mnyororo: diski iliyorukiwa husafishwa kwa alikoholi ya isopropili, lakini pedi iliyoyanyonya kwa kawaida hubadilishwa.