Mtu mdogo mwenye mabawa juu ya kaburi

SWALI: Nimeona picha ya mtungi wa maji wa Kigiriki ulioko Boston. Gari la farasi linaburuta maiti, na juu ya kilima cheupe anaelea mtu mdogo mwenye mabawa na silaha. Ni nani?

JIBU: Ni roho ya Patroclus, na kilima hicho ni kaburi lake. Maiti ni ya Hector wa Troya, aliyemuua Patroclus; anayelipiza kisasi ni Achilles, rafiki wa marehemu. Mtungi huo ulichorwa Athens kati ya mwaka 520 na 510 KK.

Mtazame mchoraji alivyokunja wakati. Katika utenzi wa Iliad, wazazi wa Hector wanamwona mwanao akiburutwa siku ile ile ya kifo chake. Kuzungushwa kaburini huja baadaye, na Iris, mjumbe wa miungu, hutumwa baadaye zaidi. Hapa yote yako pamoja: wazazi hao, Priam na Hecuba, wanaomboleza upande wa kushoto, Iris anaingia mbio. Kinachonigusa zaidi ni Achilles mwenyewe, anayepanda garini huku uso umewageukia wazee wale.

Mitungi hii, iitwayo haidria, ina mikono mitatu: miwili ya kunyanyulia, mmoja wa kumiminia. Lakini haikuishia kisimani. Mingi ya Athens iliyosalia mizima ilifukuliwa kwenye makaburi ya Waetruski, Italia, na huko Alexandria, Misri, katika karne ya 3 KK, mitungi ya umbo hilo ilihifadhi majivu ya wafu.