SOMO LA VIKUNDI: TUSIMWINDE MWENZETU KWA SIMU

Wapendwa wanavikundi wa Subukia, Kabazi na Waseges,

Somo lililopita tuliongea juu ya kuweka hesabu. Leo tunaongea juu ya kile kinachotokea hesabu ikikataa, na watu wakakimbilia simu.

Lengo la somo: Mwisho wa somo kila mwanakikundi aweze kutofautisha kumdai mtu na kumwinda mtu, na ajue hatua za kufuata.
Muda: Saa moja na nusu.
Vifaa: Daftari la kikundi, katiba yenu na Biblia.

1. KISA (mtu mmoja asome kwa sauti, polepole)

Hiki ni mfano tu, lakini sikilizeni vizuri.

Mama Fulani ni mweka hazina wa akina mama wanaofuga mbuzi wa maziwa. Usiku mmoja mtoto wake akaugua sana. Akachukua shilingi 6,000 za kikundi, akakimbia hospitali. Akajiambia, "Nitarudisha nikiuza mahindi." Hakumweleza mtu. Siku ya mkutano, pesa zikakosekana.

Badala ya kumwita aje na daftari, mwenzake mmoja akafungua kundi la WhatsApp bila yeye, akaliita "Mwizi Wetu". Siku ya kwanza waliongea juu ya pesa. Siku ya tatu, mavazi yake. Wiki ya pili, ndoa yake. Mmoja akaleta picha ya nyumba yake, mwingine akarekodi sauti akimwigiza anavyoongea. Wakaingizwa watu wa Nakuru na hata wa ng'ambo, ambao hawakuwa na shilingi hata moja kwenye kikundi. Mtoto wake akachekwa shuleni. Mama akaacha kwenda sokoni, halafu akaacha kwenda kanisani.

Mwezi wa pili akauza kondoo, akarudisha zile 6,000 zote. Je, kundi lilifungwa? Wapi! Mtu akaandika, "Na hao kondoo ni wa nani?" Vicheko vikaendelea.

2. TUJADILIANE (watu watatu watatu)

- Mmeona nini katika kisa hiki?
- Mama Fulani alikosa wapi? Wenzake walikosa wapi?
- Wale walionyamaza tu wakisoma, je, wana hatia?
- Mambo kama haya hutokea kwetu? (Msitaje mtu kwa jina.)

3. MAFUNDISHO

Kosa la Mama Fulani lilikuwa la kweli. Hatusemi afichwe. Lakini angalieni jambo moja: deni likilipwa, mazungumzo ya deni huisha. Kundi lililofunguliwa kwa ajili ya mtu haliishi, kwa sababu kazi yake ni yule mtu. Akinyamaza, ana hatia. Akijibu, ana kiburi. Akilipa, amepata wapi?

Wazee walisema penye wengi hapaharibiki neno. Hiyo ni pale wengi wamekaa pamoja, wanaangaliana machoni, na mshtakiwa yupo. Kwenye simu kila mmoja anatupa jiwe dogo na kusema, "Mimi niliweka kicheko tu." Anayepigwa anayapokea mawe yote.

Sisi wa Nakuru tunajua ujumbe mfupi unavyowasha moto. Wakati wa ghasia za mwaka 2007 na 2008, chuki ilisambazwa kwa simu, na jirani akamwogopa jirani. Kumchochea mtu dhidi ya mtu mmoja ni moto uleule, ila umewashwa kwenye nyumba moja.

Mwaka 2014, wanaume walimvua nguo mwanamke hadharani Nairobi, wakidai amevaa vibaya. Video ikasambazwa, na wengi wakaendelea kumtukana mitandaoni. Lakini wanawake wa kundi la Facebook liitwalo Kilimani Mums waliitisha maandamano, na tarehe 17 Novemba mamia wakaingia barabarani kumtetea. Simu ni zilezile. Kundi moja lilimwaibisha mtu, lingine likasimama naye.

Huko Japani, Hana Kimura, mwanamieleka wa miaka 22 aliyeonekana kwenye televisheni, alijiua Mei 2020 baada ya kutukanwa na watu wengi mitandaoni. Nchi yake iliongeza adhabu ya matusi mwaka 2022. Yeye hakurudi.

4. SHERIA INASEMAJE?

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2018, kifungu cha 27, inakataza kumsumbua mtu kwa njia ya mtandao. Adhabu iliyowekwa hapo ni faini isiyozidi shilingi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Sheria hiyo ilirekebishwa Oktoba 2025, na sehemu za kifungu hicho zikapingwa Mahakama Kuu mwezi huohuo. Kwa hiyo muulizeni wakili kabla ya kushtaki.

Iko pia Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Septemba 2023 Kamishna wa Data alitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutoa picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Kampuni moja ya mikopo ya simu ikatozwa shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba za watu kuwatumia vitisho. Basi, usiseme ati "ni picha tu".

5. HATUA ZA KUFUATA

Someni Mathayo 18:15-17. Yesu ametupa utaratibu: kwanza nenda peke yako, halafu na mmoja au wawili, halafu mbele ya kanisa. Kwa kikundi chetu:

(a) Mwenyekiti amwone mhusika ana kwa ana.
(b) Akikataa, waende na mashahidi wawili, na daftari.
(c) Mkutano wa wote, yeye akiwepo na akipewa nafasi ya kujibu. Makubaliano yaandikwe na kuwekwa sahihi.
(d) Ikishindikana, nendeni kwa chifu au polisi. Msiende kwenye simu.

Kama anayewindwa ni wewe: usijibu matusi. Hifadhi picha za ujumbe pamoja na tarehe na namba za simu. Mweleze mtu unayemwamini. Piga ripoti polisi upewe namba ya OB. Mtoto anayeteswa apigiwe 116.

Kama umeingizwa kwenye kundi la namna hiyo: sema neno moja, "Hapana", kisha utoke. Halafu mtembelee yule mtu nyumbani.

6. KAZI YA KIKUNDI

Kabla ya mkutano ujao ongezeni kifungu kwenye katiba yenu: "Shida ya mwanakikundi haitajadiliwa kwenye simu wala mahali asipokuwepo." Kisha kila mmoja ajiulize kimoyomoyo: yuko nani aliyeacha kuja kwa sababu yetu? Wawili wachaguliwe wamwendee wiki hii.