SOMO LA UFUNDI: SIMU YA INTANETI INAPOKATAA KUITA

Mwenzetu akiumia kiwandani na simu ya kuomba msaada isiite, anaweza kupoteza maisha. Pale simu zinapopitia mtambo wa intaneti, fundi asibahatishe. Ishara ya kuita ina njia yake, na sauti ina yake. Kwa utaratibu wa SIP, ishara hupita kwa kawaida mlango namba 5060 wa mtandao, na majibu hurudi kwa namba:

404: anayeitwa hajulikani, hakikisha namba iliyopigwa.
408: jibu halikupatikana kwa wakati, kagua mtandao.
486: anayeitwa anatumia simu.

Simu ikipokelewa lakini upande mmoja hausikii, mara nyingi kizuizi kiko kwenye njia ya sauti.

Ndugu, tudai simu ya dharura ijaribiwe kabla ya ajali, si baada yake.