Uzuri wa Mkakasi: Fani na Maudhui katika Sinema na Vitabu

Mada yangu ni ile ambayo walimu wa fasihi huiandika ubaoni kila muhula: fani na maudhui. Msikunje nyuso, jamani! Sitaki kuwarudishia daftari la Kidato cha Kwanza. Nataka tujibu swali moja ambalo hutusumbua sote ila hatuliulizi darasani: kwa nini sinema iliyogharimu mamilioni, au kitabu kilichosifiwa kotekote, hutuacha na njaa? Mmoja humaliza kutazama akasema, "Ilikuwa kali, lakini sijui ilikuwa inasema nini." Mwingine hufunga kitabu akasema, "Kina mafunzo mengi, lakini kinachosha ajabu." Malalamiko haya mawili si mamoja, na kila moja lina chanzo chake.

Kwanza tukumbushane maana. Fani ni jinsi kazi ilivyosanwa: muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Kwa upande wa sinema tuongeze picha, sauti, muziki na mavazi. Maudhui ni yale yanayosemwa: dhamira, migogoro, ujumbe, msimamo na falsafa ya mtunzi. Katika daftari zetu tunachora mstari katikati ya ukurasa, huku fani, huku maudhui, na mtihani ukija tunamwaga kila upande. Mstari huo unasaidia kukariri. Hausaidii kueleza kwa nini kazi imetuvunja moyo.

Wahenga walinena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mkakasi ni kikebe cha mti kilichotiwa nakshi. Nje kinapendeza macho, ndani ni mti tu. Methali hii inafaa sana kwa aina ya kwanza ya sinema zinazotuvunja moyo, na mfano tunao hapa kwetu kaunti ya Nakuru.

Mwaka wa 2003 ilitoka sinema iitwayo Lara Croft Tomb Raider: The Cradle of Life, iliyoongozwa na Jan de Bont, naye Angelina Jolie akaigiza kama Lara. Baadhi ya picha zake zilipigwa nchini Kenya, katika mbuga za Amboseli na Hell's Gate, hii ya pili ikiwa karibu na Naivasha. Ukiitazama utaona mandhari ya kwetu yakimeremeta, tena si mchezo. Lakini jiulize: mandhari hayo yanafanya kazi gani katika hadithi? Anachotafuta Lara ni kisanduku cha Pandora, ambacho asili yake ni ngano za Wagiriki. Ungeihamisha hadithi hiyo hadi jangwani au kisiwani, hakuna kitu kingepungua ila rangi ya mawe. Sisi tunajua kwamba chini ya miamba ile mna mvuke unaozalisha umeme huko Olkaria tangu mwaka wa 1981, na kwamba wapo wafugaji Wamaasai wanaoishi kandokando yake. Sinema haina haja na hayo. Imetumia Bonde la Ufa kama pazia la studio ya mpiga picha: unasimama mbele yake, unapigwa picha, unaondoka zako. Huo ndio mkakasi.

Kufikia hapa mtu atasema, "Basi ni rahisi! Kazi mbaya ni ile yenye fani nyingi na maudhui kidogo." La hasha! Mfano wa pili unatuonyesha kwamba mambo si mepesi hivyo, na huu ni wa Hell's Gate pia.

Kabla ya kutengeneza katuni ya The Lion King iliyotoka mwaka wa 1994, wasanii wa kampuni ya Disney walizuru mbuga hiyo kujifunza mandhari. Wengi wenu mnaijua: mwana simba anafiwa na baba, anakimbia, anakua, anarudi kudai haki yake. Majina ya Kiswahili yamo pia: Simba, Rafiki, Pumbaa. Mwaka wa 2019 kampuni hiyo hiyo ikaitoa tena, chini ya uongozi wa Jon Favreau, safari hii kwa kompyuta, wanyama wakifanana na wanyama wa kweli hadi unywele wa mwisho. Mwongozaji mwenyewe alieleza kwamba ni picha moja tu iliyopigwa kwa kamera halisi, ile ya mapambazuko mwanzoni.

Sasa tufanye hesabu. Hadithi ni ile ile. Migogoro ni ile ile. Hata sauti ya Mufasa, baba yake Simba, ni ya mtu yule yule, James Earl Jones. Katuni ya kwanza ilichukua dakika 88, ya pili 118. Kama kweli maudhui yangekuwa kitu cha kukaa peke yake upande wake wa daftari, basi sinema hizi mbili zingetugusa sawasawa. Lakini wachambuzi wengi na watazamaji wengi walilalamika kuwa ya pili ilikuwa baridi. Kwa nini?

Tazama pale baba anapokufa korongoni. Katika katuni, msanii amemchorea mtoto nyusi za kukunja, macho ya kujaa machozi na mdomo wa kutetemeka. Simba wa porini hana nyusi za kukunja kwa huzuni. Walipoamua kwamba uso lazima ufanane na wa simba wa kweli, waliuondoa ule uso ambao ulikuwa ukibeba huzuni. Sauti inalia, uso umetulia tuli. Fani ilibadilika, na maudhui nayo yakavuja. Hakuna aliyefuta dhamira ya msiba kwenye hadithi, ila haikupata mahali pa kukaa.

Hili ndilo jambo ninalotaka tulishike. Fani na maudhui si kikebe na kilichomo ndani yake. Ni kama chai ya maziwa. Kabla ya kuchemsha una maji, majani, maziwa na sukari, kila kimoja mbali. Ikishachemka, nani atatoa maziwa abakize maji? Kwa hiyo kazi haituvunji moyo ati kwa sababu fani yake ni nyingi. Hutuvunja moyo pale ambapo fani haibebi kitu, au inabeba kitu kingine kisicho kile kinachosemwa. Wala mauzo si kipimo. Sinema ile ya 2019 iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6. Watu walinunua tiketi kabla hawajajua kama watalia.

Tugeukie ushairi, maana huko ugomvi huu ni wa zamani. Mwaka wa 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, akaeleza vina, mizani na kanuni nyinginezo. Miaka ishirini baadaye, mwaka wa 1974, Euphrase Kezilahabi akatoa diwani ya Kichomi yenye mashairi huru, yasiyofuata vina na mizani. Mabishano yakawaka: wanamapokeo wakisema hayo si mashairi, wanamabadiliko wakisema vina vinamfunga mtunzi. Mimi naona swali la chai linafaa hapa pia. Tazameni mishororo hii miwili niliyoitunga kwa makusudi:

Nakuru mji mzuri, wenye ziwa la kupenda,
Ndege wake ni hodari, majini wanajipinda.

Hesabu mizani: nane kwa nane, kumi na sita kila mshororo. Vina ni ri na nda. Arudhi zimetimia. Lakini ndege hao wana uhodari gani? Na kwa nini wajipinde? Wamekuwa hodari kwa sababu ya ri, wamejipinda kwa sababu ya nda! Kina ndicho kinachomwamuru mtunzi la kusema. Sasa sikilizeni hii:

Ziwa limetuandama, limefika mlangoni,
Heroe wameshahama, nyumba zetu zi majini.

Mizani ni ile ile kumi na sita, na vina vipo, ma na ni. Lakini hapa pana habari. Maji ya Ziwa Nakuru yamepanda sana tangu miaka ya mwanzo ya 2010. Yamemeza lango la zamani la mbuga na nyumba za watu katika mtaa wa Mwariki, na heroe wengi, wale ndege wa waridi, wamehamia kwingine kama Ziwa Bogoria. Kwa hiyo arudhi hazina kosa. Wala kuziacha si dawa, kwani mtu anaweza kuandika shairi huru na bado asiseme lolote. Cha kuuliza ni hiki: neno limekuja kwa sababu lilihitajika, au limekuja kujaza nafasi?

Lipo pia lile lalamiko la pili, la kitabu chenye mafunzo mengi kinachochosha. Hiki ni kinyume cha mkakasi. Tumevisoma vitabu ambavyo mhusika mwema ni mwema tangu ukurasa wa kwanza, mwovu hutambulika kwa jina lake tu, na kila sura huishia kwa hotuba juu ya dawa za kulevya au ndoa za mapema. Ujumbe ni wa kweli kabisa, wala sibishi. Lakini ujumbe usio na mtu wa kuubeba ni tangazo la ukutani. Linganisha na Siku Njema ya marehemu Ken Walibora, iliyotoka mwaka wa 1996. Kwamba subira huvuta heri tulikwisha kuambiwa na nyanya zetu. Lakini tunapomfuata kijana kutoka Tanga hadi Kitale akimtafuta babake, tunachoka naye na kutumaini naye. Safari ndiyo fani, na subira iko ndani ya safari hiyo, haikubandikwa mwishoni.

Tahadhari moja, hata hivyo. Tusiite fani tupu kila fani ngumu. Riwaya ya Nagona ya Kezilahabi, ya mwaka wa 1990, ni nyembamba lakini huwatoa wengi jasho. Yupo msafiri anayetafuta ukweli katika ulimwengu unaofanana na ndoto, na msomaji hupotea njia pamoja naye. Kupotea huko si pambo. Kutafuta ukweli ndivyo kulivyo, na riwaya imekufanya ukuonje badala ya kukuhubiria.

Sasa nimefika mahali panaponiuma, nako ni kwetu wenyewe. Katika KCSE, karatasi ya kwanza ya Kiswahili ni ya insha: insha mbili, alama 20 kila moja. Wengi wetu tumekariri mianzo ya insha kama maombi. Majogoo yanawika, jua linachomoza mashariki, ndege wanatumbuiza, umande unametameta, na nusu ukurasa umekwisha kabla hakujatokea lolote. Swali likiwa la ajali, jua linachomoza. Likiwa la harusi, jua ni lile lile. Tunao wenzetu ambao maji ya ziwa yaliwatoa nyumbani wakabeba magodoro vichwani. Wana habari ambayo haimo katika kitabu chochote cha misemo. Lakini wakipewa karatasi wanaandika juu ya majogoo, kwa kuwa tumeambiana kwamba hicho ndicho Kiswahili kizuri. Hapo lugha inakuwa mkakasi, na mwenye hadithi anaachwa nje ya hadithi yake.

Sisemi tutupe methali na tamathali. Nazipenda mno, na ndizo zilizonileta katika chama hiki. Nasema zipewe kazi. Kabla ya kusifu au kulaumu sinema, kitabu au insha yako mwenyewe, uliza maswali haya matatu:

1. Nikiliondoa pambo hili, ni nini kitapotea? Ikiwa hakuna, ni pambo la bure.
2. Ujumbe huu ninauona kwa mtu na tendo, au ninaambiwa tu?
3. Fani hii ingeweza kuhamishiwa kwenye hadithi nyingine yoyote bila kubadilika? Ikiwa ndiyo, basi haikuzaliwa na hadithi hii.

Zoezi la wanachama: chukua insha uliyoandika muhula huu. Piga mstari chini ya kila sentensi ambayo ingefaa katika insha ya mwenzako bila kubadilishwa neno. Kisha isome upya bila sentensi hizo. Kilichobaki, hata kikiwa kifupi, ndicho chako. Anzia hapo.

Kwa haya machache natia nanga. Atakayepinga hoja zangu na azilete katika mkutano wa chama, tujadiliane ana kwa ana. Kiswahili kitukuzwe!