Wawili kwa Ramani Moja: Namna ya Kushiriki Mbio za Milimani za OMM

Kila wikiendi ya mwisho ya Oktoba, wakimbiaji huingia katika milima ya Uingereza wawili wawili, mgongoni wamebeba hema, chakula na mfuko wa kulalia, na kwa siku mbili hujitafutia njia wenyewe. Ndizo mbio za OMM, zilizoanza mwaka 1968. Njiani hakuna meza ya maji wala utepe wa kukuelekeza.

Kwanza, tafuta mwenzako. Hapa usiharakishe. Sheria inataka mfike pamoja kila kituo cha ukaguzi kilichowekwa kwenye ramani, kwa hiyo kasi ya timu ni kasi ya yule aliye nyuma. Rafiki anayekuzidi mbio kwa mbali atakuchosha, nawe utamuudhi. Fanyeni mazoezi pamoja siku ya mvua, tena mkiwa na njaa, ndipo utajua kama mwenzako hununa au husema. Kubalianeni mapema nani atashika ramani na nani atatazama saa. Mwenye nguvu zaidi abebe hema. Hilo si la kuoneana haya.

Pili, chagueni aina ya mashindano. Zipo njia ambazo vituo hufuatwa kwa mpangilio, na zipo za pointi, ambazo mnapewa muda na kujichagulia vituo. Wageni waanze na za pointi, maana mkichoka mnaweza kukatiza kurudi. Ila mkichelewa, mnakatwa pointi.

Tatu, jifunzeni ramani na dira. GPS hairuhusiwi kutafutia njia. Ielekeze ramani kaskazini, weka kidole gumba pale ulipo, ukisogeze kila unaposogea. Kontua, yaani mistari ya kimo kwenye ramani, zikibanana, mteremko ni mkali. Mara nyingi kuuzunguka mlima bila kushuka ni nafuu kuliko kunyoosha moja kwa moja. Ukungu ukitanda, miguu miepesi bila dira itakupoteza haraka zaidi.

Nne, fungeni mzigo. Fuateni orodha ya lazima bila kubishana nayo: nguo za mvua, nguo za joto, filimbi, tochi ya kichwani, vifaa vya huduma ya kwanza, chakula cha dharura. Soksi kavu na mfuko wa kulalia vitiwe ndani ya plastiki isiyopitisha maji.

Tano, kambini. Vaeni nguo kavu kabla mwili haujapoa. Mmoja asimamishe hema, mwingine achote maji na kuwasha jiko. Usiku wenyewe ni mrefu, kwani alfajiri ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba Waingereza hurudisha saa nyuma kwa saa moja. Asubuhi mtavaa viatu vilevile vilivyolowa. Hapo hakuna ujanja.

Mwisho, mjue kujitoa. Mwaka 2008, katika bonde la Borrowdale, dhoruba ilisimamisha mbio siku ya kwanza. Vyombo vya habari vikatangaza kwamba mamia hawajulikani walipo, kumbe wengi walikuwa wamejikinga kwenye mahema, mabandani na katika mgodi wa Honister. Vifaa vya mgongoni viliwafaa. Nanyi mkiona hali imewazidi, shukeni, lakini msiende nyumbani kimyakimya: ripotini kwanza kwa waandaaji, la sivyo waokoaji watapanda usiku kuwatafuta watu waliokwisha kulala vitandani mwao.